Mwalimu wa Muda

Katika shule zetu yupo mwalimu mmoja ambaye wazazi wengi hawamjui jina. Huja wakati mwenye darasa anapojifungua, anapougua au anapokwenda masomoni. Hufundisha majuma kadhaa au miezi, kisha huondoka kabla ya ripoti za watoto kutoka. Mtoto akirudi nyumbani na kuulizwa ni nani aliyemfunza leo, hujibu, “Yule mwengine.” Mimi nimekuwa “yule mwengine” mara tatu, na ningependa kuwaeleza kina mama wenzangu habari za mara hiyo ya tatu, kwa kuwa ilinikuta katika wakati ambao nilikuwa nahitaji watu kuliko nilivyohitaji mshahara.

Kwanza nieleze jinsi mwalimu huyu anavyopatikana. Tangu makubaliano ya mwaka 2021 baina ya Tume ya Huduma za Walimu na vyama vya walimu, mwalimu aliyejifungua hupata likizo ya siku 120, badala ya 90 za hapo zamani. Ni jambo jema, na kila aliyewahi kuacha mtoto mchanga nyumbani huku maziwa yakimvuja kifuani anajua ubora wake. Lakini watoto wa darasani hawaendi likizo pamoja naye. Tume mara nyingi haileti mtu wa kushika nafasi kwa muda huo, hivyo bodi ya shule, iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, hutafuta mwalimu na kumlipa kwa kile ilicho nacho. Walimu wa kutafutwa hawakosekani. Mimi nilisomea Shanzu, nina cheti cha P1 na nambari ya Tume, na kama wenzangu wengi wenye vyeti hivyo sijapata ajira ya kudumu.

Katika shule moja ya mjini, ambayo sitaitaja, nilishika darasa kwa muhula mzima. Walimu wa hapo walikuwa na vikombe vyao vya chai vilivyoandikwa majina kwa rangi ya kucha. Kila saa nne nilikunywa kwa kikombe cha yeyote asiyekuwapo siku hiyo, na siku ambayo wote walikuwapo sikunywa. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ni kwamba hapana aliyefikiri kuwa nitakaa muda wa kutosha kuandikiwa jina.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa Rajabu, mwaka 1443, yaani Februari 2022. Nilikaa eda nyumbani kwetu Kibokoni kwa miezi minne na siku kumi. Waliokaa eda wanajua, na wasiokaa nawaombea isiwafikie upesi. Siku za mwanzo nyumba hujaa. Jamvi halikunjwi na chai haikauki jikoni. Hitima ikisha watu hupungua, wala si kwa ubaya, kila mtu ana mambo yake. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikiijua sauti ya kila mkokoteni upitao kichochoroni mwetu, na nikijua ule wa muuza maji kwa gurudumu lake la kushoto.

Hata hivyo, kukaa ndani hakukunishinda kama kulivyonishinda kutoka. Siku niliyotoka nilivaa buibui langu nikaenda hadi Marikiti, nikatambua kwamba watu wamezoea kutoniona. Wanawake niliokuwa nikifanya nao mzaha walinisalimia kwa ule upole wa kumsalimia mgonjwa, wakasema pole, wakapita upesi. Juma zima hapana aliyeniuliza jambo lolote isipokuwa ninaendeleaje, na hapana aliyengoja jibu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na jina langu lilikuwa limegeuka kuwa “yule mjane”.

Basi rafiki niliyesoma naye Shanzu, aliyeolewa Shimoni, akanipigia simu. Shule ya Wasini ilikuwa inatafuta mtu wa kushika Gredi ya Pili kwa miezi minne. Mama yangu akashtuka. “Mwanangu, eda imekwisha juzi, leo unavuka bahari? Watu watasemaje?” Nikamwambia, “Mama, watu hawasemi kitu, hilo ndilo tatizo.” Akanyamaza kitambo, kisha akainuka akaanza kunifungia iliki na leso mbili katika mfuko. Mama yangu ni mtu wa vitendo.

Nilisafiri katika juma la Idi ya kuchinja, mwezi wa Julai. Kutoka Likoni unapanda matatu ya Lunga Lunga, unashuka njia panda ya Kanana, unatafuta gari jingine la kukufikisha Shimoni, na huko unangoja mashua ijae. Ulikuwa wakati wa kusi. Mlango ule si mpana, lakini upepo uliyapandisha maji hata leso iliyokuwa juu ya mfuko wangu ikalowa, na mzee mmoja aliyeketi mbele yangu akanipisha upande usiopigwa na mawimbi pasi na kusema neno.

Wasini ni kisiwa cha jiwe. Hakina gari hata moja, na kisima cha maji matamu hakuna. Wakati ule watu walikuwa wakikinga mvua katika mabirika, na birika likikauka maji yalikuwa yakivushwa kutoka Shimoni kwa mitungi. Nalitaja hili mapema kwa sababu maji yatarudi katika habari yangu. Mwalimu Mkuu alikuwa amenitafutia chumba kwa bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akiishi na wajukuu zake, ili nisikae peke yangu, na ili hapana mtu apate la kusema. Bibi alinipokea mlangoni, akanitazama tangu ushungi hadi viatu, akasema, “Umekonda, Mwalimu. Ingia ule.”

Darasa la mtu mwingine ni kama jiko la mtu mwingine: kila kitu kipo, na hakuna unachokiona. Ukutani palikuwa na maandishi ya mkono wake: siku za juma, miezi ya mwaka, majina ya watoto kwa zamu ya kufagia. Kila nilipogeuka nilimkuta. Watoto nao walikuwa walinzi wake waaminifu. “Mwalimu wetu haanzi na hesabu.” “Mwalimu wetu hutuimbisha kwanza.” “Mwalimu wetu hakai juu ya meza.” Sikubishana nao. Niliwaambia wanifunze jinsi Mwalimu wao anavyofanya, wakanifunza kwa ukali kuliko nilivyopata kufunzwa chuoni.

Siku ya pili nilimwita mtoto mmoja aliyekaa nyuma. “Ndoo hapa mbele,” nikasema, kama tusemavyo Mombasa. Akainuka kwa adabu, akatoka nje, akarudi na ndoo. Hadi leo sijui kama alifanya kwa kutoelewa au kwa utundu, ingawa nina dhana yangu. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao, na nilipokuwa nikicheka nikakumbuka kwamba sijacheka tangu Rajabu.

Mtaala wa umilisi unataka watoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Nadhani walioandika hawakuifikiria Wasini, ambako nyumbani husemwa Kivumba, kitabuni mna Kiswahili sanifu, na mwalimu aliyeletwa ni mtu wa Kimvita. Tulipatana hivi: nikisema “mato” au “mtele” wao waseme “macho” na “mchele”, na wao wakisema neno la kwao ambalo silijui, wanieleze maana yake nami niliandike ubaoni upande wa kulia. Upande huo ulijaa kabla ya mwezi kwisha, na watoto wakawa wanakuja asubuhi na maneno waliyowauliza nyanya zao usiku.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, Bibi aliniambia, “Mwenye darasa anakuita.” Nilihisi tumbo likinivuruga. Nilidhani watoto wamepeleka mashtaka.

Alikuwa katika arobaini yake. Chumba kilinukia udi na mafuta ya kukandia, mtoto amelala ndani ya chandarua kidogo, na yeye ameketi kitandani na leso kichwani. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. “Karibu, dada,” akasema. “Pole na msiba.” Kisha, kabla sijajibu, “Na ile ndoo walikuletea yenye maji au tupu?” Kisiwa ni kidogo.

Tukacheka. Halafu akaingiza mkono chini ya mto, akatoa daftari la shule, lile la jalada laini, akanipa. Alikuwa ameliandika mwezi wake wa tisa, usiku, usingizi ulipokuwa haupatikani. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake. Hapakuwa na alama za mtihani wala nafasi za darasani. Mtoto mmoja haoni ubaoni, na anaona haya kusema: “Usimhamishe mbele za wenziwe. Mwite akusaidie kufuta ubao, kisha umwache papo hapo mbele.” Mwingine baba yake ni mvuvi, na kusi ikikaza vyombo havitoki, na asubuhi hizo huja hajala: “Usiulize nani hajala. Sema muhogo wako umekushinda, ni nani atakusaidia kuumaliza.” Na mmoja hasemi. Anasoma, anaandika vizuri, lakini mdomo haufungui darasani tangu alipoanza shule. “Huyu usimsukume. Muweke karibu na dirisha.”

“Sikujua ni nani atakayekuja,” akaniambia. “Nilimuomba Mungu awe mtu wa kusoma.”

Nilimuuliza kama haogopi watoto wake kunizoea. Akafikiri. “Naogopa wasipokuzoea,” akasema. “Kwa mtoto wa miaka saba, miezi minne ni mingi.”

Tukazungumza habari za kukaa ndani. Yeye alikuwa akihesabu siku arobaini, mimi nilikuwa nimetoka katika hesabu yangu. Tulipopiga hesabu tukaona kwamba likizo yake ni miezi minne na eda yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi. “Basi umenishinda kwa siku kumi,” akasema, na kwa namna alivyolisema sikuhisi vibaya hata kidogo. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeitaja eda yangu bila kuinamisha sauti. Kisha mtoto akalia, akamtoa ndani ya chandarua na kunipa. “Mshike, dada, mikono yangu imechoka.” Mimi na marehemu hatukujaaliwa mtoto. Nilimshika hadi magharibi.

Mwanzoni mwa Agosti shule zilifungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9, nami nikarudi Mombasa kupiga kura. Nilipokuwa nikifunga mfuko niliona wajukuu wa Bibi wakinitazama. Mkubwa wao akauliza kama ninaacha viatu vyangu vya kuogea au ninavichukua. Nikaviacha. Nilivyofahamu baadaye, habari za viatu zilifika mbali.

Tuliporudi, ukame ulikuwa umeanza kuuma. Birika la Bibi lilikuwa limeshuka hata kata ikawa inagonga sakafu. Niliingia chumbani kwangu nikakuta pipa langu limejaa mpaka ukingoni, limefunikwa kwa ubao safi. Nilistaajabu, nikamuuliza Bibi ni nani aliyenunua maji yote yale. Akaniambia kwamba kina mama wa Gredi ya Pili walipita mmoja mmoja, kila mtu na ndoo yake. “Si uliita ndoo?” akasema. “Zimekuja.”

Maji yale niliyatumia kwa uchache kama mtu anayekula akiba ya yatima.

Kuna msemo wetu kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu umpe jembe. Watu huutumia kwa kejeli, kama kwamba mwenyeji amemchoka mgeni. Mimi nauona kinyume. Mgeni anayeketishwa mkekani na kuletewa sinia kila siku bado yuko mlangoni. Siku atakayopewa jembe ndiyo siku aliyoingia ndani. Kwangu jembe lilikuwa kisu cha vitunguu. Katika shughuli za mwanzo nilizohudhuria kijijini, arusi moja na hitima moja, nilikuwa Mwalimu: nikiwekewa mto, nikiletewa maji ya kunawa, na mazungumzo yakipungua nilipokaribia. Ulipofika Mfungo Sita, na kina mama wakawa wanatayarisha pilau la maulidi nyuma ya nyumba moja, niliketi kama desturi yangu pembeni. Mama wa mtoto mmoja wa darasa langu akageuka, mikono imejaa, akasema, “Mwalimu, mbona umekaa? Vitunguu vinakungoja.” Akanisukumia beseni kwa mguu.

Nilimenya vitunguu tangu adhuhuri. Katikati ya kazi mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza marehemu alikuwa akipenda kula nini. Miezi minane ilikuwa imepita, na watu wengi walikuwa wamenipa pole. Hapana aliyeniuliza hilo. Nikamwambia samaki wa kupaka, na kwamba alikuwa hawezi kuiacha sufuria mpaka aikwangue, hata mbele ya wageni. “Kama wangu,” akasema mwingine. Yakaanza masimulizi ya wanaume na sufuria zao. Sote tulikuwa tukitoka machozi kwa ajili ya vitunguu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza mwenzake analia nini.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila siku ilikuwa tamu. Ujira ulikuwa mdogo, nao niliujua kabla ya kuvuka. Kusi ilikaa hadi Septemba na kuna usiku niliosikia upepo ukivuma katika makuti nikatamani hata ule mkokoteni wa Kibokoni. Lakini asubuhi palikuwa na mtu wa kuniuliza nimelalaje na kungoja jibu. Wakati wa somo la mazingira niliwapeleka watoto kwenye lile daraja la mbao ambalo kikundi cha kina mama wa kisiwani wanaliendesha juu ya matumbawe na mikoko, na ambalo wageni hulipa kulipita. Mama aliyekuwa zamu alituacha tupite, kisha akanikabidhi fimbo yake akasema anakwenda kutazama jikoni, nimshikie nafasi. Nilisimama pale nusu saa nikiwa mwalimu wa muda na mlinzi wa muda kwa pamoja.

Tangu hapo nimeshika darasa jingine mjini, na sasa nangoja tena simu. Hukutana na wazazi wanaoniuliza, “Mwalimu mwenyewe atarudi lini?” kabla ya kuniuliza jina. Siwalaumu, mtoto ni wao na wasiwasi ni wao. Lakini kama katika nyumba yako yuko mtoto aliyebadilishiwa mwalimu muhula huu, muulize leo usiku jina la huyo mwengine, na kama halijui mtume kesho akaliulize. Na wewe mwalimu unayetazamia kujifungua, chukua daftari. Hata kama utaandika kurasa tatu tu, andika ni nani asiyeona ubaoni na ni nani anayekuja hajala. Atakayekuja hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua hayo, na kufikia wakati atakapoyagundua mwenyewe siku zake zitakuwa zimekwisha.

Mwenye darasa alirudi mwanzoni mwa Novemba, kusi imekwisha na bahari imetulia. Alikuja asubuhi na mapema, mtoto akiwa amebebwa na dadake, ili tupate kukabidhiana kabla ya kengele. Nilimrudishia daftari. Nilikuwa nimeongeza maandishi yangu chini ya yake, kwa wino mwekundu ili tusichanganyike. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, ukurasa kwa ukurasa. Alicheka mara moja, na mara moja akasema “Alhamdulillahi” kwa sauti ndogo. Yule wa miwani alikuwa amepata miwani.

Akafika ukurasa wa yule asiyesema. Chini ya maneno yake nilikuwa nimeandika tarehe moja ya Oktoba, na kwamba siku hiyo mtoto alisoma sentensi mbili kwa sauti, uso wake umeelekea dirishani, na darasa zima likafanya kama kwamba halikusikia.

Alirudia kusoma. “Kitabu gani?” akauliza.

Nikakitoa rafuni nikampa. Akalifunga daftari, akaenda akakaa katika kiti kidogo cha mtoto, karibu na dirisha, akakifungua mahali nilipokuwa nimeweka alama.